Wiki ya Ishirini na Saba

Jumamosi saa kumi jioni, foleni ya mapokezi ya hoteli ya Tanjerini ilikuwa imefika hadi kwenye milango ya vioo, na kila ilipofunguka joto la Kissimmee, Florida, liliingia na kutulia miguuni mwa watu. Maxine Pruitt alisimama na boksi la barafu mkono mmoja na mfuko wa fulana mkono wa pili. Mbele yake walikuwa mdogo wake Corinne na Grady, mume wa Corinne, ambao walikuwa wamekuja kwa ndege kutoka Tucson na bado wanang'aa. Maxine alikuwa ameendesha gari siku mbili kutoka Toledo, na kiti cha gari kilikuwa kimemwachia mistari mgongoni.

Msichana wa mapokezi aliitwa Yesenia. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye kaunta ile, na akina Pruitt aliwajua kwa sura. Alichapa jina, akafungua droo ya bangili za karatasi ambazo wageni hufungwa mkononi, akaweka tatu mezani.

"Ya nne nimeshampa mama yenu," alisema. "Alifika saa tisa. Chumba kilikuwa bado kinasafishwa, lakini akasema atakaa tu roshani."

Ardith Pruitt alikuwa amefariki mwezi wa Februari na kuzikwa Toledo, siku ambayo iliwabidi kuondoa theluji kwanza ndipo wachimbe.

"Mama hajui kungoja," Corinne alisema, akinyoosha mkono afungwe bangili.

"Shemeji," Grady alimgeukia Maxine, "mama yenu kafa na bado anaruka foleni."

Maxine hakucheka. Alikuwa akihesabu. Tangu Februari alikuwa amekwenda makaburini Jumapili ishirini, na kiti cha kukunja na chai ndani ya chupa, na mama yake hakutokea hata Jumapili moja. Hata ndotoni hakuja. Kumbe alikuwa akingojea Florida.

Wiki ile Ardith aliinunua zamani, mwaka ambao Corinne alimaliza shule. Alinunua chumba namba 614, kwa wiki ya ishirini na saba ya kila mwaka, yeye na warithi wake, milele. Wiki hamsini na moja zilizobaki zilikuwa za watu wengine, ambao akina Pruitt hawakuwahi kuwaona ila nywele zao kwenye tundu la bafu. Kutoka roshani ungeweza kuona ncha za kasri la bustani kubwa ya michezo, ng'ambo ya barabara kuu, na fataki zake kila siku saa tatu za usiku. Ardith alipougua, Maxine aliacha kazi ya ukutubi wa shule akamhudumia miaka sita. Corinne alipiga simu kila Jumapili. Wosia uliposomwa ulikuwa wa ukurasa mmoja: Maxine alipata gari na vyombo vya kaure, Corinne alipata wiki. Ardith alikuwa amemwambia wakili kwamba Corinne ndiye anayejua kufurahi.

Walimkuta roshani, ndani ya vazi la kuogelea la njano lenye sketi, nywele zikichuruzika. Alikuwa na umri wake uleule, miaka themanini na mitatu, ila magoti yalikuwa yamenyooka, na ile fremu ya alumini aliyokuwa akitembelea haikuwepo. Chini ya kiti chake palikuwa na kidimbwi cha maji ambacho hakikukauka wiki nzima.

"Corinne wangu!" alisema Ardith. "Hebu nikuone. Umekonda. Grady, humlishi mwanangu?"

"Anajilisha majani mwenyewe, mama. Mimi nani nimzuie?"

Ardith alicheka, akamkumbatia Corinne, akamkumbatia Grady, akamkumbatia Corinne tena. Ndipo akamwona Maxine amesimama mlangoni na boksi la barafu.

"Weka tu hapo jikoni, mpenzi," alimwambia. "Na ukipata nafasi tuletee taulo mbili zaidi. Zile kubwa."

"Mama, huyo ni Maxine," Corinne alisema.

"Maxine yupi?"

"Maxine wetu. Mwanao. Dada."

Ardith alimtazama Maxine kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwenzake ndani ya lifti. "Nimefurahi kukufahamu," alisema, kisha akamgeukia Corinne ampe habari za Tucson.

Maxine alishuka kuchukua taulo.

Chumba 614 kilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Corinne na mumewe walichukua kimoja. Cha pili kilikuwa na vitanda viwili, lakini Ardith alisema, bila ubaya wowote, kwamba hajazoea kulala na mtu asiyemfahamu. Kwa hiyo Maxine alivuta kochi la sebuleni likawa kitanda. Asubuhi aliamka akakuta nyayo za maji kutoka roshani hadi kwenye friji na kurudi. Akatafuta mopu akapiga deki kabla mtu hajateleza.

Jumapili walikwenda kwenye bustani ya michezo. Maxine alikuwa amechapisha fulana Toledo, nyekundu, tatu, zenye maandishi mgongoni: Mdogo, Shemeji, Dada Mkubwa. Watu wa familia moja walivaa hivyo huko ili wasipotezane. Ardith alipoziona alifurahi, na kwa kuwa hakukuwa na ya kwake alivaa ile ya Dada Mkubwa. Ilimkaa vizuri. Maxine alivaa blauzi yake ya bluu.

Walipopita mapokezi, Ardith alisimama akaegemea kaunta.

"Yesenia, pumu ya mwanao Adriel imepungua?"

"Imepungua, mama. Mwaka huu hakulazwa hata mara moja."

"Mwambie aache kulala na yule paka."

Maxine aliyasikia yote. Ilimchukua muda, mpaka basi la bustani lilipokuwa limevuka barabara kuu, kutambua kwamba alichokuwa akikisikia kilikuwa wivu, na kwamba alikuwa akimwonea wivu mtoto mwenye pumu ambaye hajawahi kumtia machoni.

Langoni kila mtu aliweka kidole kwenye mashine. Cha Ardith kilipita mara ya kwanza. Cha Maxine kilikataliwa mara tatu. Alikuwa amefua mashuka kwa maji ya klorini miaka sita, na vidole vyake havikuwa na mistari tena. Kijana wa langoni alimwita msimamizi wake, msimamizi akadai kitambulisho, na wakati Maxine akikitafuta ndani ya mkoba, wale watatu wenye fulana nyekundu walikuwa wameshafika kwenye maduka ya kofia.

Kulikuwa na mashine ya treni inayopanda mlima na kuanguka upande wa pili. Kwa uhai wake wote Ardith aliiogopa. Siku ile alipanda mara nne, kiti cha mbele, pembeni ya Corinne, Grady nyuma yao. Maxine alibaki chini na mikoba, kofia na miwani ya watu wote. Mwishoni walinunua picha ambayo mashine hupiga pale treni inapoanguka. Corinne alikuwa amefumba macho. Ardith alikuwa amenyoosha mikono yote miwili juu na mdomo wazi, na alionekana vizuri kuliko wote.

"Mama katoka kama malkia," Corinne alisema. "Dada, njoo uone."

"Nimeona," alisema Maxine, ambaye hakuwa ameitazama.

Jumatatu na Jumanne zilipita hivyohivyo. Ardith alikula chapati za maji zilizomwagiwa shira, akacheza karata, akamsuka Corinne nywele roshani, ingawa Corinne alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Maxine alisikia kitana kikipita kwenye nywele za mdogo wake akiwa jikoni, na aliendelea kusugua sahani iliyokwisha kutakata.

Jumatano mchana aliingia majini. Tanjerini ilikuwa na mfereji uliozunguka mabwawa yote, wenye mkondo mdogo, na wageni walielea humo ndani ya maboya bila kupiga hata mkono. Maxine hakujua kuogelea, lakini maji yalimfika kiunoni tu. Corinne alikuwa amekwenda kuleta juisi ya nanasi. Maxine alilikuta boya la mama yake chini ya daraja dogo, akalishika mshikio.

"Mama."

"Naam, mpenzi."

"Nimekuogesha miaka sita. Nimekukata kucha. Nimekusomea gazeti kila asubuhi mpaka ukurasa wa vifo, kwa sababu ulitaka kujua nani kakutangulia."

Ardith alikuwa amefumba macho, uso umeelekea juani.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nimekujua tangu Jumamosi, ulipoingia na lile boksi. Nitakusahauje, Maxine?" Alifungua jicho moja. "Lakini kila nikikuangalia nasikia harufu ya ile krimu ya vidonda vya mgongo. Naiona ile kengele niliyokuwa nakupigia. Naiona sura uliyokuwa unaivaa ukinigeuza ubavu, ile ya kunionyesha kwamba mimi si mzito. Corinne hanikumbushi kitu. Nikiwa na Corinne, sijawahi kuugua."

"Mimi ndiye niliyekuwepo."

"Ndiyo hivyo," alisema Ardith kwa upole. "Wewe ndiye uliyekuwepo. Na mimi nimekuja kupumzika."

Boya lake lilikuwa jepesi, likachomoka mkononi mwa Maxine na kwenda na mkondo. Kwa kuwa mfereji ulikuwa wa mviringo walikutana tena mara tatu mchana ule, na kila mara Ardith alimpungia na kusema, "Habari za mchana."

Siku ile Maxine hakula chakula cha jioni. Alikaa kwenye kochi akafikiri, na fikra zake zilikwenda njia moja tu. Hakutaka kuamini yale ya krimu na kengele. Aliamua kwamba mama anafuata wiki, na wiki ni ya Corinne, basi. Wiki ikiwa yake, mama hatakuwa na pengine pa kwenda. Atakaa naye roshani siku saba kila mwaka, atake asitake, na mwishowe atazoea.

Asubuhi alimkuta Corinne anapaka mkate siagi.

"Corinne, naitaka wiki."

"Wiki ipi?"

"Hii. Mama alitakiwa aniachie mimi."

Corinne alilamba siagi kwenye kisu. "Basi chukua."

"Nichukue?"

"Chukua, dada. Mimi Tucson jua ninalo mlangoni, nalikimbia. Nilidhani wewe huku hupapendi, hata majini ulikuwa huingii. Leo ofisi ya hoteli iko wazi?"

Maxine alikuwa na hotuba. Alikuwa ameanza kuitunga njiani, Kentucky, akaimaliza mpakani mwa Georgia, na ndani yake mlikuwa na miaka, na dawa kwa majina yake, na Krismasi zote ambazo Corinne hakuja. Hakuna aliyemwomba aitoe. Alisimama pale jikoni akamwonea wivu mdogo wake hata kwa ule wepesi wa kutoa.

"Iko wazi mpaka saa sita," alisema.

Ofisini walipokewa na Bwana Fontilus, mtu mpole mwenye tai ya rangi ya samoni. Aliwapa juisi ya machungwa akawaonyesha kwanza picha za chumba kikubwa zaidi, kama ilivyokuwa desturi, nao wakakataa, kama ilivyokuwa desturi. Kisha akaleta karatasi. Corinne alitia sahihi mahali sita huku akimtumia mtu ujumbe kwenye simu.

"Na mama?" Maxine aliuliza.

Bwana Fontilus alipekua hati ukurasa kwa ukurasa. "Hati inataja chumba, wiki, vyombo vya jikoni na mashuka. Marehemu hawamo."

"Lakini kwa kawaida inakuwaje?"

"Wengine hufuata chumba. Yupo mzee wa 409, mtu wa Scranton. Watoto wake wameuza, yeye bado anakuja kila Oktoba. Wenye wiki wapya wameshamzoea, wanasema hana kelele."

"Kwa hiyo atakuja."

"Mimi nakusomea kilichoandikwa, mama," alisema Bwana Fontilus, akagonga mhuri.

Jumamosi saa nne asubuhi Ardith alirudisha bangili yake mapokezi. Alimbusu Corinne mashavu yote mawili, akamwambia Grady apunguze chumvi, akampa Maxine mkono. Mkono ulikuwa umelowa na wa baridi, na ulimshika kwa nguvu zaidi ya alivyotarajia. Kisha akapanda basi la uwanja wa ndege pamoja na familia ya watu saba kutoka Michigan. Mtoto mmoja wao alimpisha kiti.

Mwaka ule Maxine alijitengeneza. Makaburini hakwenda tena, kwa kuwa sasa alijua hakuna mtu pale. Ile krimu aliitupa, tyubu zote nne zilizobaki, na kengele akaipeleka kwenye mnada wa kanisa. Aligawa mashuka ya kitanda cha mgonjwa. Alipaka nywele rangi ya kahawia nyepesi, ambayo haikuwa yake wala ya mtu yeyote wa ukoo wao, akajiandikisha kwenye bwawa la mtaani akajifunza kuogelea akiwa na miaka hamsini na tisa, katikati ya watoto wa chekechea. Alikuwa akiogea sabuni isiyo na harufu. Alisimama mbele ya kioo akajizoeza sura ambayo haijawahi kumgeuza mtu ubavu. Ilikuwa ngumu kuliko kuogelea.

Julai alifika Tanjerini saa kumi kasorobo. Yesenia alifungua droo akaweka bangili moja.

"Mama yangu kashapanda?"

"Bado, mama. Labda ndege zimechelewa."

Maxine alipanda 614. Roshani ilikuwa kavu. Aliosha balungi akalikata nusu mbili kama Ardith alivyopenda, akaweka kijiko kando ya kila nusu, akakaa. Saa tatu fataki zilipasuka juu ya kasri, na zilipoisha alilifunika balungi akaliingiza kwenye friji. Jumapili alifanya hivyo tena. Jumatatu mchana alishuka mferejini, akazunguka mara tisa, akachungulia nyuso za wanawake wote waliokuwa ndani ya maboya. Usiku ule alimpigia simu Corinne.

"Yuko hapa," Corinne alisema. "Kwani hamjaongea? Kaja Jumamosi na begi lake. Nilidhani unajua."

"Saa ngapi?"

"Huku ilikuwa saa saba mchana. Mbona?"

Saa saba za Tucson ni saa kumi za Florida, saa ambayo wiki huanza. Maxine alikaa vizuri kwenye kiti.

"Corinne, wiki ni yangu."

"Ni yako, dada. Nani kakunyang'anya?"

"Mpe simu."

Simu ilipita kutoka mkono hadi mkono. Alisikia maji yakidondoka juu ya kitu cha plastiki.

"Haloo?"

"Mama, ni Maxine. Niko 614."

"Maxine," alisema Ardith. Safari hii hakuuliza Maxine yupi. "Hali ya hewa ikoje?"

"Nzuri. Mama, nimetupa kila kitu. Sinuki chochote sasa. Najua kuogelea."

"Umefanya vizuri sana. Ulikuwa unahitaji kupumzika, wewe. Nilikuwa nakuona. Huku joto lao ni kavu, zuri kwa viungo. Haya, furahia wiki. Corinne, kipenzi, shika simu yako, sikio limechoka."

Corinne alirudi. "Dada? Upo?"

"Nipo. Analala wapi?"

"Chumba cha mbele."

"Kile kinachopigwa na jua? Mhamishe. Na asilalie ubavu wa kushoto muda mrefu. Na kichwa utamwosha wewe mwenyewe, hapendi kuinama kwenye sinki."

"Dada, mama ameshakufa. Sinki litamfanya nini?"

"Hata hivyo."

Corinne alishusha pumzi. "Sawa. Ngoja nitafute kalamu."

Maxine alingoja. Alisikia simu ikilazwa mezani, mlango wa uani ukisukumwa, Grady akisema kitu, na mama yake akicheka mpaka akakohoa. Kisha Corinne naye akacheka, kutoka mbali, kutoka nje. Hakuna droo iliyofunguliwa. Ng'ambo ya barabara kuu fataki zilianza, za bluu kwanza, na watoto kwenye roshani ya chini wakapiga makofi.

Maxine alihamishia simu sikio la pili. Alianza na nywele: maji yawe vuguvugu, kitambaa kikunjwe kiwekwe machoni, shampuu kidogo tu kwenye kiganja, na mkono mwingine uwe chini ya shingo muda wote, asije akahisi anaanguka.